Noti Moja ya Chini

Jumatatu, 3 Machi

Mama anaolewa. Nimeandika nione kama sentensi itasimama. Imesimama.

Kaniambia asubuhi, mimi na kikombe mkononi, mguu mmoja tayari nje ya mlango. "Mwenzio naolewa," kama mtu anayesema sabuni imeisha. Na nani? Na fundi bomba! Yule aliyekuja kutazama tangi mwaka juzi. Tangu siku ile nyumba hii haijaacha kuvuja. Leo sinki, kesho koki ya uani, keshokutwa choo. Mimi nalaumu mabomba, kumbe mabomba yalikuwa mazima na kipofu ni mimi.

Sherehe ni hapa hapa sebuleni, Jumamosi ya tarehe 22. Watu wachache, msajili wa ndoa, basi. Kisha mama atahamia kwa Bwana Bomba, na mimi nitabaki na nyumba, piano ya marehemu baba, na picha ya marehemu baba juu ya piano. Nina miaka arobaini na moja, sijawahi kuishi nyumba ambayo mama hayumo.

Ameniomba nipige piano wakati anatoka chumbani kuja sebuleni. Nipige nini? "Chochote tu, kizuri."

Chochote. Haya. Nitapiga ule wa baba. Ule aliokuwa akiupiga jioni akirudi kiwanda cha uchapaji, usio na maneno wala jina. Mama atoke chumbani na gauni lake jipya, ausikie, akumbuke. Nataka akumbuke. Ndiyo, najua, ni roho mbaya. Lakini hapa siko kizimbani.

Jumatano, 5 Machi

Nimeondoa kitambaa, picha, saa iliyokufa na maua ya plastiki. Nikafungua kifuniko. Vumbi! Vitufe vimegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, na vingine havipandi tena vikibonyezwa.

Wimbo wenyewe si tatizo. Nimeuguna midomo imefumba maisha yangu yote, kidole kimoja kiliupata mara moja. Tatizo ni kilicho chini yake, zile noti alizokuwa akizibonyeza pamoja, kodi wanavyoziita wanamuziki. Najua do-re-mi za kwaya tu. Nikajaribu la, do, mi kwa pamoja. Huzuni, sawa, lakini ni huzuni ya mtu anayelia ili aonekane. Ya baba haikuwa hivyo. Ya baba ilikuwa ya mtu aliyefika nyumbani, akaketi, akavua viatu. Nikaongeza so juu. Nafuu. Amevua kiatu kimoja.

Hapo nimekwama. Mama akapita na beseni la nguo, akauliza nahangaika na nini. Nikamwambia, chochote tu, kizuri. Akacheka. Mimi nilikuwa namkejeli, naye kacheka kwa raha kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi wa piano amekuja. Mrefu, na mikono! Angeweza kupigia kasia. Ameingia ndani ya piano mpaka kiunoni, amekaza nyuzi, ametoa kitana, kifungo, na jino la mtoto ambalo nadhani ni langu. Vitufe vyote sasa vinaitika. Lile kanyagio la chini ndilo limekufa, fimbo yake ya ndani imevunjika zamani. Kanyagio ndilo linaloifanya sauti ibaki ukishaondoa vidole. Bila hilo, ukiinua kidole noti inakatika papo hapo. Akauliza alitengeneze? Nikasema siku nyingine, leo nina swali.

Nikamgunia wimbo. Akafumba macho, akaweka mkono mmoja, mmoja tu, akabonyeza.

Ndiyo yenyewe. Nilishika ukingo wa piano. Kiatu cha pili kilivuka miaka ishirini na kutua sebuleni.

Inaitwa maina ya tisa, kasema, maina ni kodi ya huzuni. Akanihesabia kwenye vitufe: la ni moja, ti mbili, do tatu, re nne, mi tano, fa sita, so saba, la tena nane, ti tena tisa. Sasa chukua moja, ruka moja. La, do, mi, so, ti. Moja, tatu, tano, saba, tisa. Kumbe nilikuwa nimebakiza noti moja! Ti ile ile niliyoiruka pale mwanzo, imezunguka na kurudi ghorofani. Na ukianzia re unapata nyingine: re, fa, la, do, mi. Wimbo wa baba mzima umekalia hizo mbili.

Nikamuuliza kwa nini inaingia moyoni namna ile. Akasema hilo niwaulize wataalamu wa moyo, yeye anakaza nyuzi. Akaondoka mbio, alikuwa na kinanda cha watu kinamsubiri.

Jumatatu, 10 Machi

La mpaka ti ya juu ni mbali. Mkono wangu ukitandazwa wote unafika la ya pili, tena kwa dua. Ti iko wilaya nyingine.

Lakini yeye alifika! Kwa mkono mmoja. Basi ndivyo inavyopigwa, na mimi ni mtu wa tiba ya viungo, kunyoosha ndiyo kazi yangu. Nimejipangia ratiba. Maji ya uvuguvugu, kukanda, kunyoosha, kupumzika. Nitaanza na mkono wa kushoto, maana noti za chini ni zake.

Jumanne, 11 Machi

Nimelazimisha.

Mimi! Mimi ninayewaambia watu kila siku kliniki, jamani, kiungo hakilazimishwi. Nimeweka kidole kidogo kwenye la, gumba likaelekea ti, limebakiza upana wa kitufe tu. Nikalivuta kwa mkono wa kulia. Pap.

Mkuu wa kliniki kaukagua mkono na kuuliza nimefanya nini. Nikasema nilikuwa nasogeza kabati. Kwenye mkeka alikuwepo Bibi Goti, mgonjwa wangu wa kila Jumanne, ambaye nimemgombeza tangu Januari kwa kukunja goti kabla ya wakati. Akaniangalia. Akaiangalia bandeji. "Wewe umelazimisha," kasema. Chumba kizima kikaangua kicheko, mpaka yule kijana wa shingo asiyeruhusiwa kucheka.

Mkono wa kushoto umefungwa kwa kibao mpaka mwisho wa mwezi. Harusi ni tarehe 22.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia fundi wa piano kumlalamikia. Akauliza nani aliniambia nizishike zote tano kwa mkono mmoja? Yeye ana mkono wa ajabu, watu hawaupigi picha bure. Watu wa kawaida wanagawana. Mkono wa kushoto unashika la peke yake, chini kabisa. Wa kulia unachukua nne zilizobaki, tena huzipangi kama ngazi, unazisogeza zikaribiane: so, ti, do, mi. Ti na do zinakaa bega kwa bega, zinasuguana kidogo, na huo msuguano ndio utamu. Ya re ni umbo lile lile la vidole limesogea tu: do, mi, fa, la.

Mkono unazishika bila taabu. Mtoto wa miaka kumi angezishika. Nimevunja mkono bure.

Lakini sikiliza kinachotokea. Nimepiga hizo nne kwa kulia, bila la ya chini, nikaimba wimbo juu yake. Mama akaja kutoka jikoni akiyumbisha mabega. "Mbona umechangamka hivyo leo?"

Nimechangamka! Nikapiga tena, taratibu, na uso wa msiba. Bado. Ni kweli, jamani. Bila la ya chini, huzuni yote inaondoka. Do, mi, so na ti zikibaki peke yao zinakuwa kodi ya furaha, kama watu wanaopiga picha ufukweni. Nimempigia fundi tena. Akasema bila shaka, la ndiyo inayozigeuza. Kama kanyagio lingekuwa zima ungeigusa la kwa kulia, ungekanyaga ibaki inalia, kisha ungeruka juu. Kwa kuwa ni bovu, tafuta mtu akuazime kidole.

Mama alirudi jikoni akiuimba kwa furaha. Wimbo wa baba! Nimemtengenezea mama muziki wa kuolewa bila kinyongo, kwa mkono mmoja.

Jumamosi, 15 Machi

Bwana Bomba alikuwa chini ya sinki leo. Sinki halina ubovu, nimekagua mwenyewe. Alinisikia nampigia mama mdogo simu, nikimwomba aje kuniazima kidole. Mama mdogo ndiye anayeendesha harusi hii, na akaniambia vidole vyake vyote kumi vina shughuli.

Kutoka chini ya sinki: "Ni noti moja tu? Naweza mimi, binti."

Simpendi anaponiita binti. Nikatafuta kisingizio, kikakosekana. Nikajaribu kumtisha, nikasema kwa kweli ni mbili, la na re, na zinapokezana. Akatoka, akafuta mikono, akaja kuketi upande wa kushoto wa benchi. Benchi ni la mtu mmoja na nusu.

Akasema ataweka alama ili asipotee. Akatoa mfukoni ile tepu anayozungushia nati za bomba, akabandika kwenye la na re kwa umakini mkubwa. Tukarudi nyuma kutazama. Tepu nyeupe, vitufe vyeupe. Hatukuona kitu. Nilijiuma mdomo nisicheke, maana bado nimenuna.

Jumanne, 18 Machi

Amekuja na tepu za rangi. La amebandika nyekundu, re bluu. Kwa hiyo mazoezini sisemi la wala re. Nasema "moto", nasema "baridi", na yeye anabonyeza.

Anabonyeza kama mtu wa kengele ya mlangoni, ding, anaondoa, anasubiri afunguliwe. Nikamweleza kwamba kanyagio ni bovu, akiondoa kidole sauti inakufa, lazima ashikilie mpaka nimwambie mabadiliko. Ding. Moto, mzee, shikilia. Ding. Shikilia! Akasema kazini kwake kitu kikishikilia muda mrefu kinapasuka.

Kisha mara moja akashikilia.

Nilikuwa nimeweka so, ti, do, mi, na chini yake la ikaja, nzito, ikakaa. Zile noti zangu za ufukweni zikageuka zote kwa pamoja. Sikuinua mkono, naye hakuinua. Ilikuwa sebule ya zamani kabisa. Huyu mtu anayekuja kukaa mahali pa baba, kwa kidole chake kimoja chenye kovu, ndiye amenirudishia baba.

Nikamwambia hapo sawa, tuendelee na baridi.

Alhamisi, 20 Machi

Leo habonyezi kwa ncha ya kidole. Ameweka gumba, ubavuni, limelala. Halafu haangalii tepu. Nikamuuliza nani kamfundisha hivyo.

Akajikuna shingo. Akasema alikuwa ameambiwa asiseme. "Mama yako. Tumefanya mazoezi kwenye meza yake ya jikoni. Aliniambia gumba halichoki."

Mama hajui piano. Mama hajawahi kuigusa ile piano isipokuwa kwa kitambaa cha vumbi.

Akasema pia kwamba wimbo anaujua. Mama huuimba akiosha vyombo, tangu siku za tangi. Yeye aliuliza ni wimbo gani, akaambiwa ni wa marehemu. "Nikasema basi na mimi niujue. Mtu huwezi kuishi na wimbo usioujua." Yeye mwenyewe alifiwa na mke zamani, na mke wake hakuimba, alikuwa anapiga miluzi, vibaya sana. Akanipigia kidogo. Kweli vibaya sana. Tulicheka mpaka benchi likalia.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemkuta mama anapiga pasi. Nikamuuliza gumba halichoki maana yake nini.

Akazima pasi. Mama hazimi pasi ovyo. Akasema, la ya chini ilikuwa kazi yake. Kila jioni baba akipiga, yeye ndiye aliyekuwa akimbonyezea.

Nikasema baba alikuwa na mikono miwili.

"Wa kushoto ulikuwa umekubeba wewe. Ulikuwa hulali bila kubebwa, na ukiwekwa chini unaamsha mtaa. Kanyagio lilishakufa. Ndiyo nikawa nakaa pale pembeni, nabonyeza, mpaka unalala." Akatandika kola, akainyoosha kwa kiganja. "Baadaye ukawa mkubwa, akaanza kupiga mwenyewe kwa mikono miwili. Lakini mwanzo tulikuwa watatu."

Nikakaa juu ya nguo zilizopigwa pasi. Hakunifukuza.

Nikamwambia nilichotaka kufanya. Kwamba nimeuchagua wimbo ule ili umchome. Akasema alijua tangu siku ya beseni. "Nilifikiri, aupige tu. Nitapita kwenye ule ukumbi mdogo wa kutoka chumbani peke yangu, afadhali baba yako anisindikize." Kisha akaniambia ninyanyuke, nimekalia gauni lake.

Nililia chooni. Koki haivuji hata tone.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nimeegemeza daftari kwenye piano, kwa kuwa zipu ya mama imekwama na mama mdogo amefungiwa naye chumbani. Tunasubiri.

Kumetokea jambo. Wiki nzima tumefanya mazoezi, tumesugua sakafu, tumeazima viti kwa jirani, na hakuna mtu hata mmoja katika nyumba hii, si mimi, si mama, si mama mdogo anayejua kila kitu, aliyefikiri kwamba bwana harusi ana mahali pa kusimama!

Msajili ameweka meza yake dirishani. Amesema bwana harusi asimame hapa, kulia, amsubiri bibi harusi. Bwana harusi yuko ukuta wa pili, kwenye benchi langu, na suti ya kijivu, na gumba juu ya tepu nyekundu. Msajili kamwita. Akajibu kwa adabu kabisa: "Samahani, mheshimiwa, siwezi kuondoka. Nina la."

Msajili akauliza la ni nini. Wageni wakaanza kumweleza wote kwa pamoja. Sasa anajua mambo mengi kuhusu maina ya tisa na bado hataki kuhamisha meza. Amesema meza haiendi kwa bwana harusi, bwana harusi ndiye huenda kwenye meza.

Fundi wa piano naye amealikwa, ndiyo kawaida ya mama, ukikaza kitu nyumbani kwake unakuwa ndugu. Kasimama, katoa bisibisi kwenye koti la sherehe. Kasema hakuna haja ya maneno. Fimbo ya kanyagio anayo mfukoni, ni kazi ya dakika chache, zipu yenyewe haitawahi. Kanyagio likipona nitapiga peke yangu kwa mkono mmoja, na mzee akasimame mahali pake kama maharusi wote. Tayari amepiga magoti, ameondoa ubao wa chini.

Watu wote wameniangalia. Bwana Bomba ameniangalia pia, na ameanza kunyanyuka taratibu, akivuta suruali magotini. Gumba lilikuwa bado halijatoka kwenye la.

Nimemwambia fundi arudishe ubao.

Msajili amevua miwani. Mama mdogo amepiga kelele kutoka chumbani kwamba zipu imekubali, tujiandae. Wageni wawili wameishika meza ya msajili huku na huku, waisogeze kwenye piano, bila kumuuliza, naye ameishikilia katikati. Bwana Bomba ameketi tena. Benchi limelia. Ananiuliza kwa sauti ya chini, akishabonyeza, aachie wakati gani, mama akitokea mlangoni au akifika mezani?

Nimemwambia, "Usiachie, baba." Kitasa cha chumba cha mama kinazunguka.